Mkono wa baba baada ya kuzibuliwa moyo

Mzee anashuka bandarini Nansio akitokea Dar es Salaam, na familia inashangaa: kazibuliwa mshipa wa moyo, lakini kifuani hana hata kovu. Kuna alama ndogo tu kwenye kifundo cha mkono. Wiki haijaisha, mkono unauma, na jirani ameshatoa jibu: damu ni nzito, anywe ndimu na kitunguu saumu, aachane na dawa za hospitali.

Kitunguu hakina ubaya kwenye mboga. Hatari ni hiyo ya kuachana na dawa.

Njia ya kufika kwenye mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono ilitangazwa na Dk Lucien Campeau wa Canada mwaka 1989. Mshipa wenyewe ni mwembamba, kama milimita 2 hadi 3. Mrija ukipita huuchubua kwa ndani, kisha mkono hufungwa mkanda unaobana ili damu isitoke. Hapo damu huweza kuganda na mshipa ukasinyaa au ukaziba. Unene wa damu nao huchangia, hasa chembe nyekundu zikizidi au mwili ukikosa maji, lakini si sababu pekee. Ndiyo maana hospitali hutoa heparini wakati wa kazi hiyo, na mkanda haubanwi kupita kiasi.

Wengi mshipa ukiziba hawahisi kitu, kwa sababu kiganja hulishwa pia na mshipa wa upande wa kidole cha mwisho. Hata mapigo yanaweza kusikika ilhali umeziba. Kwa hiyo kliniki, omba mkono upimwe. Njia hiyo inaweza kuhitajika tena.

Aspirini na klopidogreli hazigeuzi damu kuwa maji. Huzuia chembe sahani zisigandane kwenye kile kichuma kilichowekwa moyoni. Mzee akiziacha bila daktari kusema, kinachoweza kuziba ni moyo, na usiku Mwanza iko ng'ambo ya ziwa.

Siku za mwanzo asivute nyavu wala kubeba ndoo kwa mkono huo. Ukiwa wa baridi, ukifa ganzi, ukivimba au kubadilika rangi, mpeleke hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Damu ikitoka, bonyeza alama kwa nguvu bila kuachia hadi mfike. Na ile barua yenye majina ya dawa isibaki sandukuni, iende naye.