Moraa Akiwa Mmoja, Mwite Moraa

Wasee, leo nina kesi na Linux, na ni ya jina tu.

Juzi niliitwa saiba moja hapa Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Kompyuta ya kuchapishia ilikuwa imekosa intaneti. Nikafungua maelezo ya zamani kwenye simu: andika eth0. Nikaandika. Mashine ikasema haijui kitu kama hicho. Nikajua kadi ya mtandao imekufa, karibu nimwambie mwenyewe anunue nyingine. Kumbe kadi iko sawa, ila siku hizi inaitwa enp3s0! Saa mbili zimeenda, wateja washaondoka.

"en" ni kadi ya kebo, "p3" ni njia namba 3 ndani ya mashine, "s0" ni nafasi namba 0. Majina haya yaliletwa mwaka 2013 na systemd, programu inayoamsha Linux nyingi.

Tuwe wakweli, sababu ilikuwepo. Zamani kadi zilipewa namba kama matatu kwenye steji: anayefika kwanza ndiye wa kwanza. Mashine ikiwa na kadi mbili, ungeweza kuiwasha kesho eth0 imegeuka eth1, na ulinzi ulioweka kwa kadi ya nje uko kwa ya ndani. Kwa seva hiyo ni hatari.

Lakini tuangalie nyumbani. Sisi Abagusii tunarithi majina ya nyanya, kwa hivyo ukiita "Moraa!" bomani wanaweza kugeuka watatu. Ndipo tunaongeza: Moraa mkubwa, Moraa wa Nairobi. Akiwa mmoja, nani humwita "Moraa wa njia ya 3 nafasi ya 0"?

Ombi langu ni hilo tu: kadi ikiwa moja, iitwe eth0. Zikiwa mbili, leteni hesabu zenu.

Mtu ataniambia, si uweke net.ifnames=0 mashine ikiwaka, majina ya zamani yarudi? Sawa, lakini anayejua hilo si yule anayeanza. Kijana wa Nyamira mwenye laptop ya mtumba na bando ya shilingi 20 akikwama hapo, hatasema "jina limebadilika." Atasema "kompyuta si zangu." Tumempoteza hivyo.

Kama ni wewe, kabla ya kufuata maelezo ya mtu, andika kwanza "ip link" usome kadi yako inaitwaje. Usijilaumu. Jina ndilo gumu, si wewe.