Mtoto ana kifafa? Sema kabla hamjapanda kivuko (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo tugombane kidogo. Unavuka kutoka Mwigobero kwenda Kinesi na mtoto mwenye kifafa, halafu unanyamaza eti watu watasema. Watasema nini? Kifafa hakiambukizi! Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kukaa kiti kimoja. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, basi.

Ila ziwa halijui aibu yako. Kikimshika pale pembeni, anaenda majini. Mwambie mhudumu na jirani yako mapema. Mtoto akae katikati, avae jaketi okozi, na dawa zake ziwe mkobani kwako, sio chini ya mizigo.

Kikimshika, mlazeni ubavu, mwekeeni kanga chini ya kichwa. Msimbane, msimtie kijiko mdomoni. Kikizidi dakika 5, ni hospitali haraka mkishafika.

Na wewe abiria unayekimbia povu, unayesema "huyo asipande": wewe ndiye unayewafundisha hawa mama kuficha. Povu ni mate tu. Sogea usaidie.

Kesho sehemu ya 5: kwa nini dawa za kifafa hazikatizwi.