Elimu ya Dunia: Mlima Uliozaliwa Gizani mwa Bahari

Sisi wa Likasi tu mbali na bahari, lakini milima ya moto si jambo geni kwetu: nani hajasikia habari za Nyiragongo, uliounguza sehemu ya mji wa Goma mwaka 2002? Basi jueni kwamba milima ya namna hiyo iliyo mingi haiko nchi kavu. Imefichwa chini ya maji.

Mwezi wa Mei 2018 watu wa kisiwa cha Mayotte, katika visiwa vya Komoro, waliona nchi yao ikitetemeka mchana na usiku. Wengine waliogopa kulala ndani ya nyumba. Hapakuonekana moshi wala moto, na wataalamu wenyewe hawakuwa na jibu. Tena vipimo vilionyesha kwamba kisiwa chenyewe kilikuwa kikishuka polepole na kusogea upande wa mashariki. Hofu hiyo ilidumu mwaka mzima. Ndipo Mei 2019 meli ya Kifaransa, Marion Dufresne, ikapeleka sauti chini ya maji na kupokea mwangwi wake. Kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa ukaonekana mlima wa mita 820, mahali ambapo vipimo vya zamani havikuonyesha mlima wowote! Ukapewa jina Fani Maoré.

Ulizaliwaje? Mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo zaha, yalikuwa yamekusanyika chini sana. Yakapata ufa, yakapanda. Yalikotoka, ardhi ikapungukiwa na tegemeo, nacho kisiwa kikashuka. Katika kina cha mita 3,500 maji hukandamiza kwa nguvu kubwa, hata zaha hairuki kwa kishindo. Hutoka polepole, ngozi yake huganda mara moja kwa baridi, kisha hupasuka na kutoa donge jingine, mfano wa mto wa kulalia. Donge juu ya donge, mlima hukua.

Wala milima hii haikutawanyika ovyo. Mingi husimama karibu na nyufa ndefu ambapo mabamba ya dunia huachana. Mingine hujipanga mstari, kama ile ya Hawaii, kwa kuwa bamba hupita juu ya mahali penye moto mwingi: mlima wa kwanza huchukuliwa mbali na kuzimika, na mwingine huzaliwa nyuma yake. Bahari ya Pasifiki ndiyo iliyo nayo mingi kupita zote. Mlima ukikua hata ukatokeza juu ya maji, twauita kisiwa. Mayotte yenyewe ilianza hivyo.

Tangu mwanzo wa mwaka 2021 haikuonekana zaha mpya hapo Fani Maoré. Hata hivyo wapimaji wangali wakikesha, kwa maana matetemeko mengi hutokea karibu zaidi na kisiwa kuliko mlima wenyewe.