Bundi Amwita Nani?

Ndugu wasomaji, katika ndege wote aliowaumba Mwenyezi Mungu, ni vigumu kumpata aliyesingiziwa mambo mengi kama bundi. Akilia juu ya paa, watu husema nyumba hiyo itatoa maiti. Akitua juu ya mti ulio karibu na chumba cha mgonjwa, jamaa hutazamana wasiseme neno. Huko pwani ndege mmoja wa usiku amepewa jina la mpasuasanda, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha jinsi khofu ilivyoingia hata ndani ya lugha yetu.

Lau mambo yangaliishia katika khofu tu, pengine tusingaliona haja ya kuyaandika. Lakini khofu hii huzaa mabaya mawili. La kwanza, ndege huyu hupigwa mawe mpaka akafa, na mti wake hukatwa. La pili, nalo ndilo zito zaidi, watu huulizana ni nani aliyemtuma. Likisha kuulizwa swali hilo, jibu huwa karibu mno: ni bibi fulani aliye mjane, akaaye peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Nchi yetu imekwisha kuona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za namna hii, na kila tuhuma huanza na jambo dogo ambalo watu hawakulichungua.

Basi mwezi huu twataka kulichungua. Bundi anapolia, amwita nani? Jibu lake halipatikani barazani, mahali ambapo kila mtu husimulia aliyoyasikia kwa mwenziwe. Hupatikana mbugani wakati wa machweo, kwa mtu aliye na subira ya kuketi na kusikiliza.

Tuchukue mfano wa Chemba. Wilaya hii iliyo kaskazini ya Dodoma ilitengwa na Kondoa mwaka 2012, na barabara kuu iendayo Kondoa, Babati na Arusha yapita ndani yake. Wakaao humo ni Warangi, Wasandawe, Waburunge, Wagogo na wengineo, walimao uwele, mtama, mahindi, alizeti na ufuta, na kufuga mifugo. Nchi ni kavu, na mvua yake ni ya msimu mmoja, aghalabu tangu Disemba hata Aprili. Mto Bubu hupita upande wa Farkwa, ukashuka kusini mpaka ukamwaga maji yake katika kinamasi kikubwa cha Bahi, kisichokuwa na njia ya kutokea baharini. Na huko bara mna zile ardhi tambarare za udongo mweusi wa mfinyanzi ambazo wenyeji huziita mbuga. Mvua inyeshapo hutuama maji, majani yakaota, vyura wakalia. Kiangazi kifikapo hupasuka nyufa. Penye ukingo wa mbuga kama hiyo, maji na majani yakiwa upande mmoja na migunga na mibuyu upande wa pili, bundi hupata yote ayatakayo: panya, vyura na wadudu wa kuwinda, na matundu ya miti ya kulala mchana.

Mtu atakaye kuwaona na afike kabla ya jua kuchwa, aketi chini ya mti bila ya kusemasema, naye awe amechukua mkeka na maji ya udhu, kwani Maghrib itamkuta huko huko. Watoto na wafuatane na wakubwa wao, wala wasiingie katika majani marefu kwa miguu mitupu, maana nyoka naye huwinda panya saa hiyo hiyo.

Wa kwanza kusikika huweza kuwa bundi mdogo mwenye madoa meupe kama lulu, ambaye urefu wake hauzidi shubiri moja, na ambaye hulia hata mchana. Sauti yake ni mbinja zianzazo polepole, zikapanda na kuongezeka nguvu, kisha zikamalizikia kwa mbinja ndefu moja moja. Nyuma ya kichwa chake ana madoa mawili meusi mfano wa macho, hata adui amjiaye kwa nyuma hudhani kwamba anatazamwa. Giza likishika huanza mwingine aliye mdogo kuliko huyo, mwenye rangi ya gome la mti. Yeye hutoa mlio mmoja mfupi wa kutetemeka, akanyamaza kadiri ya kuhesabu tano au zaidi, akarudia tena, na huendelea hivyo muda mrefu. Kutoka katika migunga mikubwa huweza kusikika mngurumo mzito. Huyo ni yule bundi mkubwa kuliko wote wa Afrika, ambaye urefu wake hupita sentimita 60, na kope zake ni za rangi ya waridi. Na yule mweupe wa chini, mwenye uso mfano wa moyo, akaaye katika mapaa na magofu, hapigi mbinja wala hangurumi. Yeye hutoa ukelele mkali wa kukwaruza, na hapana shaka ukelele huo umewatia watu khofu mara nyingi.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Mbinja za yule bundi mdogo mtu aweza kuziiga kwa midomo yake, na wachunga mifugo wenye ustadi wa kupiga mbinja hawatashindwa. Zikiigwa vizuri, mara nyingi hutokea mambo mawili. Ndege wadogo hutoka vichakani, wakakusanyika kwa kelele wakimtafuta bundi huyo wapate kumfukuza, kwani wamjua kuwa ni adui awalaye. Na bundi mwenyewe hujibu. Pengine huja akatua katika tawi la karibu, akageuza kichwa huku na huku akitafuta.

Amtafuta nani? Hakuja kwa kuwa mwigaji ni mchawi, wala hakuleta khabari ya mauti. Amedhani kwamba bundi mwenziwe ameingia katika milki yake, naye amekuja kumtoa. Bundi kila mmoja ana eneo lake la kuwinda na kuzalia, na kilio chake ndicho mpaka wake. Dume hulia kumwonya dume mwingine, na hulia kumwita jike, jike humjibu, na vifaranga hulia kwa sababu ya njaa. Katika mazungumzo yao yote hayo, mwanaadamu hakutajwa. Na sisi Waislamu hatupaswi kulistaajabia jambo hili, kwani Kurani katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, yatufahamisha ya kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Watu wa umma mmoja husemezana wao kwa wao.

Mtu atasema: "Lakini sisi tumeyaona kwa macho yetu. Bundi alilia usiku, na asubuhi mgonjwa akafa." Maneno haya hatuyadharau, kwani mwenye kusema hivyo hakusema uwongo. Ila na tutazame nyumba ya mgonjwa ilivyo. Nyumba nyingine zimezima taa na watu wamelala. Nyumba hii taa yawaka mpaka alfajiri. Taa huwavuta wadudu, wadudu huwavuta mijusi na bundi wadogo. Chakula cha wauguzaji na wageni huanguka uani, na makombo huwavuta panya, na panya humvuta bundi mkubwa. Tena watu wa nyumba hii wako macho, masikio yao yamesimama. Bundi aliyelia juu ya nyumba ya jirani hakuna aliyemsikia. Aliyelia hapa amesikiwa na watu kumi. Basi ni ugonjwa uliomleta bundi, wala si bundi aliyeleta ugonjwa.

Na kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi. Bundi aweza kukaa katika mti mmoja miaka mingi, akalia usiku baada ya usiku. Ni nani azihesabuye zile siku alizolia na wote wakaamka salama? Husahauliwa zote, ukakumbukwa usiku mmoja tu wa msiba.

Khofu hii, zaidi ya hayo, si yetu peke yetu, wala si mpya. Waarabu wa zama za ujahili walidai kwamba mtu aliyeuawa na damu yake isilipizwe kisasi, hutoka katika kichwa chake ndege waliyemwita hama, akalia akitaka kunyweshwa, mpaka muuaji auawe. Wako pia miongoni mwao waliomwona bundi kuwa ni mkosi atuapo juu ya nyumba. Mtume Muhammad, Sala na Salamu zimshukie, aliikanusha itikadi ya hama, pamoja na kutabiri heri na shari kwa ndege, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Tazama basi, ndugu msomaji, ubaya wa itikadi ile: haikuishia kwa ndege, bali iliwachochea watu kumwaga damu. Na hivi leo mwenye kumnyoshea kidole kikongwe kwa sababu ya kilio cha bundi, amekwenda njia ile ile iliyokatazwa.

Twende upande wa manufaa. Panya wa shambani wa nchi yetu, yule mwenye chuchu nyingi, aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja, na katika miaka mingine huongezeka hata wakafukua mbegu kabla hazijaota. Bundi mweupe hula panya kadhaa kwa usiku, na awapo na vifaranga huwinda zaidi. Ushahidi wake upo chini ya mti wake. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Mzazi na aokote donge hilo lililokauka, alivunje kwa kijiti mbele ya watoto wake, wahesabu mafuvu yaliyomo, kisha wote waoshe mikono kwa sabuni. Somo hilo moja huondoa khofu kuliko maneno mengi.

Lakini tusizidishe sifa. Huko Morogoro wataalamu walisimamisha nguzo na visanduku vya viota mashambani ili kuwavuta ndege wawindao panya, wakaona kwamba ndege peke yao hawatoshi kuwazuia panya waongezekapo. Ghala safi, shamba lililopaliliwa na mitego, vyote bado vyatakiwa. Bundi ni msaidizi asiyeomba ujira, na si busara kumwua msaidizi kwa sababu hawezi kumaliza kazi yote. Katika nchi ya Yordani, ambako bundi aliogopwa kama aogopwavyo kwetu, wakulima tangu mwaka 2002 wameingia katika kazi ya kutundika visanduku vya bundi mashambani ili kupunguza sumu ya panya. Na karibu na Nyeri, katika mashamba ya Mlima Kenya, yuko bundi mkubwa aliyepewa jina la Mackinder, yule Mwingereza aliyefika kilele cha mlima huo mwaka 1899. Bundi huyo hula fuko waharibuo mazao, na wageni wamekuwa wakifika kumtazama na kulipa ada, hata ndege wa nuksi akawa chumo la halali kwa watu wa kijijini.

Mwenye kwenda mbugani kuwaita bundi na ashike adabu. Na aite mara mbili au tatu, kisha anyamaze. Kwani ndege anayemtafuta mgeni asiyekuwapo huacha kuwinda, na vifaranga vyake hulala na njaa. Asiite karibu na kiota. Asimmulike machoni kwa tochi. Wale wenye sauti za ndege katika simu zao wasizipige usiku kucha kwa mchezo. Na sumu ya panya, khasa zile zinazoua polepole, isitupwe ovyo mashambani, kwani panya aliyekula sumu akaliwa na bundi humdhuru bundi naye.

Na nyumbani je? Bundi akilia usiku, na awape watoto nafasi mwenye nyumba wamsikilize, wahesabu, wajue ni yupi katika wale tuliowataja. Kama mna mgonjwa, na apelekwe hospitali mapema, wala isingojwe sauti ya ndege kuamua. Na kama pana bibi jirani ambaye watu wameanza kumnong'ona, basi asubuhi mpelekeeni uji, mkaketi naye mbele ya macho ya watu. Jambo hilo laweza kuwa ndilo litakalomwokoa.

Mwezi ujao, Mwenyezi Mungu akipenda, tutazungumza juu ya popo, ambaye naye ana kesi yake kwetu. Wassalaam.