Milango ya Bahari Isiyofanana

Kutoka kilima cha Rebero hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na jarida linalohaririwa Kigali lingeweza kuwaachia watu wa pwani mambo yao. Lakini shehena nyingi ya Rwanda hushushwa Dar es Salaam, bandari iliyokaa kwenye lango la kusini la mlango-bahari wa Zanzibar. Wenye maduka ya Kigali wana haki ya kuujua mlango huo. Ndiyo maana toleo hili limeupa kurasa zake.

Ramani huutaja mlango wa Zanzibar na wa Pemba kana kwamba ni ndugu pacha: kila mmoja umepewa jina la kisiwa chake, bara haitajwi. Chini ya maji hawafanani hata kidogo. Kati ya Unguja, ambacho ndicho kisiwa cha Zanzibar, na bara, bahari ni ya kina kifupi. Zama za barafu, maji yalipopungua kwa mita 120 hivi, mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Kati ya Pemba na bara kuna bonde la mita 800 hivi, na hata wakati huo Pemba ilibaki kisiwa. Kutengwa huko kunaonekana hata kwa wanyama wake: popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, hapatikani kwingine kokote duniani.

Siasa nayo imechora mipaka yake. Kabla ya Aprili 26, 1964, mlango wa Zanzibar ulitenganisha nchi mbili. Baada ya Muungano wa siku hiyo, kingo zote mbili zikawa za dola moja, bila tone la maji kusogea. Hilo si dogo, kwani Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 huzipa meli za kigeni uhuru mdogo zaidi katika mlango ulio kati ya nchi na kisiwa chake, ikiwa nje ya kisiwa kuna njia nyingine inayofaa vilevile. Kaskazini mwa Pemba, Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wa baharini mwaka 1976.

Mabaharia wana jina lingine wanalolitamka kwa tahadhari: Mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba. Humo ndimo meli ya MV Spice Islander ilimozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia wakafa. Ramani nyingi za ukanda huu huacha sehemu hiyo bila jina, ingawa ndiyo njia ya kila siku ya Wapemba kwenda Unguja na kurudi. Mhariri anaona hilo ni kosa la kurekebishwa, na ramani ya toleo hili imeliandika jina hilo kwa herufi kubwa sawa na mengine.