Barafu Iliyo Juu ya Ileje: Utabiri Upimwe Ndani ya Mawingu

Watu wengi katika nchi za joto hudhani kwamba barafu ni jambo la Ulaya, au kwamba hapa kwetu hupatikana katika kilele cha Kilimanjaro tu. Dhana hiyo si sahihi. Kila siku ya mvua kubwa ya radi katika Kata ya Ikinga, wilayani Ileje, mkoani Songwe, kuna barafu nyingi juu ya vichwa vya watu, ijapokuwa hawaioni. Tena barafu hiyo ina neno kubwa katika kuamua mvua itanyesha kiasi gani, saa ngapi, na bonde lipi litajaa maji.

Makala haya yana hoja moja. Utabiri wa hali ya hewa unaotumiwa na mkulima wa Ileje hutokana na hesabu za kompyuta, na hesabu hizo hazina budi kupimwa ndani ya mawingu yanayoleta mvua yake. Kuzipima kwa mvua iliyokwisha kufika ardhini ni jambo jema, lakini halitoshi.

Kwanza tueleze barafu hiyo inatoka wapi. Katika ukanda wetu wa tropiki, joto la hewa hushuka hadi nyuzi 0 za sentigredi kwenye kimo cha karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wingu la radi, ambalo vitabu vya jiografia huliita kumulonimbasi, hupanda kupita kimo hicho na kuweza kufika kilomita 15 au zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wingu hilo imo katika hewa ya baridi kali. Kati ya nyuzi 0 na nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, fuwele za barafu huweza kuwako pamoja na matone ya maji yaliyopoa mno bila kuganda. Kupita hapo, matone hayo nayo huganda, na wingu huwa la barafu tupu. Fuwele zikikua na kuwa nzito huanguka, huyeyuka njiani, na kutufikia kama mvua ya kawaida. Zisipowahi kuyeyuka zote, mkulima huipata habari yake kwa njia chungu: mvua ya mawe inayochana migomba na kupukutisha kahawa.

Kuganda kwa maji ni tukio lenye nguvu. Kila gramu moja ya maji inayoganda hutoa jouli 334 hivi za joto fiche. Joto hilo huipasha moto hewa iliyomo ndani ya wingu na kuisukuma ipande zaidi. Halafu kilele cha wingu husambaa kama mwavuli, na kuacha utando mwembamba wa barafu unaofanana na sirasi. Utando huo huweza kudumu saa nyingi baada ya mvua kwisha. Mchana hupunguza mwanga wa jua unaofika ardhini, na usiku huzuia joto la ardhi lisipotee. Hivyo barafu ya wingu la leo huigusa hata hewa ya kesho.

Sasa tutazame modeli, yaani kielelezo cha hesabu kinachoiga mwendo wa angahewa. Kompyuta huigawa dunia katika miraba, na juu ya kila mraba huweka tabaka nyingi za hewa. Kisha hukadiria upepo, joto, mvuke, maji na barafu katika kila kisanduku. Katika modeli nyingi zinazoitazama dunia nzima, upande mmoja wa mraba umekuwa wa kilomita 10, 25 au zaidi. Mwanafunzi wa Ileje na achukue ramani ya wilaya yake, achore mraba wa kilomita 25 kwa kilomita 25. Ataona kwamba ndani yake mna safu za milima, miteremko ya kahawa na mabonde yanayotelemkia Mto Songwe, vyote vikihesabiwa kama mahali pamoja. Wingu la radi lenye upana wa kilomita chache haliwezi kuonekana katika mraba huo. Modeli hulikisia kwa kanuni zilizotungwa na wataalamu. Kosa moja la kanuni hizo limejulikana kwa miaka mingi: juu ya nchi kavu ya tropiki, mvua ya modeli huelekea kunyesha mapema mno, karibu na saa sita mchana, ilhali mvua ya kweli aghalabu hungoja alasiri na jioni.

Katika kanuni hizo, barafu ni miongoni mwa mambo magumu kupita yote. Fuwele ziwe na umbo gani? Ziwe kubwa kiasi gani? Zianguke kwa kasi ipi? Majibu tofauti hutoa mawingu tofauti kabisa. Watafiti walipolinganisha modeli mashuhuri za tabianchi, waliona kwamba kiasi cha barafu kilichomo katika mawingu kilipishana kati ya modeli na modeli kwa mara kadhaa. Hizo zilikuwa modeli za kuheshimiwa, nazo hazikuafikiana juu ya uzito wa mawingu ya dunia moja.

Hapa ndipo ilipo hatari ninayotaka walimu na wanafunzi waione. Modeli huweza kutoa jumla ya mvua iliyo sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Tuseme inatengeneza barafu pungufu, lakini inaiangusha upesi kuliko ilivyo kweli. Makosa hayo mawili huweza kufutana, na kipimo cha mvua cha mwezi mzima kikaonekana kizuri. Mwaka unaofuata hali ya hewa ikibadilika kidogo, makosa hayafutani tena, na utabiri huanguka bila mtu kujua umeangukia wapi. Ni sawa na mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu kwa kukosea mara mbili. Mwalimu mwema hampi alama zote mpaka aione njia aliyopitia.

Kuiona njia hiyo ndani ya wingu kunahitaji vyombo viwili vinavyosaidiana. Cha kwanza ni rada ya mawingu. Rada za mvua hutumia mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita kadhaa, lakini rada ya mawingu hutumia mawimbi ya milimita chache ili iweze kutambua chembe ndogo. Cha pili ni laida, ambayo hurusha mapigo mafupi ya mwanga wa leza na kupima mwanga unaorudishwa na chembe za hewani.

Tofauti ya vyombo hivi ni somo zuri la fizikia na hesabu. Maadamu chembe ni ndogo sana kuliko wimbi la rada, nguvu ya mwangwi wa rada hufuata kipenyo cha chembe kilichopandishwa kipeo cha sita. Mwangwi wa laida hufuata takriban eneo la chembe, yaani kipenyo katika kipeo cha pili. Chukua chembe mbili, moja ikiwa na kipenyo mara 10 ya nyingine. Kwa laida, ile kubwa hung'aa mara 100. Kwa rada, hung'aa mara 1,000,000. Kwa hiyo rada huona zaidi chembe kubwa hata zikiwa chache, na huweza kupenya wingu nene. Laida huona utando mwembamba wa chembe ndogo ambao rada haiutambui, lakini mwanga wake hufifia upesi ndani ya wingu nene. Pale vyombo vyote viwili vinapoona wingu lile lile, tunapata milinganyo miwili ya kutafutia visivyojulikana viwili: ukubwa wa chembe na wingi wake. Kutokana na hivyo hukadiriwa uzito wa barafu katika kila mita ya ujazo ya wingu. Tarakimu hiyo ndiyo inayowekwa kando ya tarakimu ya modeli, kimo kwa kimo, saa kwa saa.

Kazi hii imekwisha kufanywa mahali pengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Cloudnet ulitumia rada na laida za Chilbolton nchini Uingereza, Cabauw nchini Uholanzi na Palaiseau nchini Ufaransa kupima modeli za utabiri za Ulaya. Mwezi Aprili 2006 Marekani ilirusha pamoja setilaiti mbili, CloudSat iliyobeba rada ya mawingu, na CALIPSO iliyobeba laida. Zilifanya kazi hadi mwaka 2023. Tarehe 28 Mei 2024 ilirushwa EarthCARE, kazi ya pamoja ya Ulaya na Japani, ambayo imebeba rada na laida katika chombo kimoja. Rada yake huweza pia kupima mwendo wa chembe kwenda juu au chini, yaani ile kasi ya kuanguka ambayo modeli hulazimika kuikisia.

Je, setilaiti hizo hazitutoshi? Zinasaidia sana, lakini hazitutoshi. EarthCARE hukata angahewa kama kisu chembamba. Huona ukanda mwembamba ulio chini ya njia yake, kisha huenda zake, na siku nyingi hupita kabla ya kurudia njia ile ile. Isitoshe, mchana hupita karibu saa nane kwa saa za jua. Kama wingu la milimani hukomaa saa kumi au kumi na moja jioni, setilaiti huliona likiwa bado changa, wala haishuhudii kilele chake. Ndiyo maana vyombo vya ardhini, vinavyotazama juu mchana na usiku bila kuondoka, vina thamani yake.

Afrika imekwisha kuonja faida ya vyombo hivyo. Mwaka 2006 kituo cha kuhamishika cha Marekani, chenye rada ya mawingu na laida, kiliwekwa Niamey, nchini Niger, kikapima mawingu ya huko kupitia kiangazi na masika. Kwetu Afrika ya Mashariki, Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza iliruka juu ya Ziwa Victoria kuchunguza hewa inayozaa dhoruba za ziwa hilo. Mifano hii inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Inaonyesha pia kwamba vipimo vilivyofanywa Niger au Ziwa Victoria haviwezi kusema yote kuhusu Nyanda za Juu Kusini, ambako msimu mmoja mrefu wa mvua huanza Novemba na kwisha Aprili au baadaye kidogo, na ambako milima huinuka ghafla kutoka Ziwa Nyasa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na vyuo vikuu vyetu vitafute namna ya kuweka rada ya mawingu na laida katika Nyanda za Juu Kusini kwa muda usiopungua msimu mmoja kamili wa mvua, kwa ushirikiano na nchi zenye vyombo hivyo. Vipimo hivyo vilinganishwe na rada ya mvua ya Mbeya, na vyombo vya kupimia mvua vilivyoko wilayani, na modeli zinazotumika kutabiri msimu wetu. Na kazi ya kulinganisha ifanywe na vijana wetu wenyewe, ili matokeo yasibaki katika maktaba za ng'ambo.

Watakuwako watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa vyombo vya kawaida vya kupimia mvua haina haja ya leza. Hoja hiyo ina uzito, nami nakubali kwamba vyombo vya kawaida vitangulie. Lakini kipimo cha mvua hutuambia kwamba utabiri umekosea, wala hakituambii ulikosea katika hatua ipi. Bila kuijua hatua hiyo, tutaendelea kupokea modeli zilizorekebishwa kwa mawingu ya watu wengine. Tena si kila kitu ni ghali: data za CloudSat, CALIPSO na EarthCARE hutolewa bure kwa watafiti. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza na zile njia za setilaiti zilizopita juu ya Songwe na Mbeya.

Gharama ya kutofanya lolote nayo ihesabiwe. Mkulima akiambiwa mvua itaanza, akapanda mahindi na maharage, kisha mvua ikakawia, hupoteza mbegu na imani kwa pamoja. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, huhamahama njia yake kwa mafuriko, na maji yake huishia katika tambarare za Kyela na Karonga. Nchi hizi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja kwa ajili ya bonde hilo. Lakini onyo la mafuriko huokoa mtu pale tu anapoliamini, na imani hujengwa na utabiri mwingi mdogo uliopata kutimia.

Shule za sekondari zina sehemu yao. Darasa na liweke chombo cha kupimia mvua mahali pa wazi na kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Saa nane mchana, na tena saa kumi na moja, wanafunzi waigawe anga katika thumuni nane na kuandika ni thumuni ngapi zimefunikwa, mawingu ni ya aina gani, na kama utando wa sirasi unaonekana. Waandike pia saa mvua ilipoanza na ilipokoma, kisha waulinganishe mwenendo huo na utabiri uliotangazwa. Daftari moja lililotunzwa kwa uaminifu kwa miaka mitatu litaonyesha kama mvua ya Ikinga huja mapema au huchelewa kuliko modeli isemavyo.

Mwalimu anayefundisha mabadiliko ya hali za maata, vipeo au milinganyo miwili kwa wakati mmoja hana haja ya kutafuta mifano mbali. Mfano mkubwa unaning'inia juu ya paa la darasa lake, kilomita chache tu kwenda juu, kila Desemba.