"Naenda Kenya": Mzaha Usiochekesha

Katika Kaskazini Mashariki, msafiri aelekeaye Nairobi akiulizwa anakokwenda, hujibu bila kusita: "Naenda Kenya." Akirejea, huulizwa habari za Kenya. Dagahaley, Dadaab na mji wa Garissa zimo ndani ya mipaka ya Jamhuri, lakini kitenzi "kwenda" humweka msemaji mbali na mahali anapopataja. Kwa neno moja tu, mwananchi amejitoa katika nchi yake.

Wengi huuchukulia msemo huu kuwa utani, nao si haba miongoni mwa Wakenya. Sisi ni hodari wa kujicheka. Neno "wananchi" tumelizalia pacha, "wenyenchi", ili kuwabainisha wanaoila nchi na wanaoililia. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kundi la Redykyulass liliwaigiza wakubwa jukwaani, na taifa likacheka. Kujicheka kwa namna hiyo ni dalili ya afya, kwani mtu huicheka nyumba yake akiwa amekaa ndani. Je, aliyewekwa mlangoni akiisema nyumba hiyo, tuseme anatania?

Wapo wanaomrushia methali: mkataa kwao ni mtumwa. Lakini ni nani aliyeanza kumkataa mwenzake? Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu asiingie wala kutoka pasipo kibali. Baada ya uhuru, eneo hili liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, na hazikuondolewa hadi 1991. Sera ya uchumi ya 1965 ilielekeza fedha za maendeleo kule kwenye mvua na ardhi yenye rutuba. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, Wajir. Mnamo 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walisailiwa upya na kupewa kadi ya ziada, kana kwamba kitambulisho walichokuwa nacho hakikutosha.

Dagahaley yenyewe inatupa kinaya kikubwa zaidi. Kambi hiyo ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia. Baadhi ya wenyeji Wakenya, wakiwa wamebanwa na ukame na umaskini, walijiandikisha humo ili wapate mgao wa chakula. Watoto wao walipokomaa na kuomba vitambulisho, alama zao za vidole zilionekana kwenye orodha ya wakimbizi, wakakataliwa. Mkenya akageuka mkimbizi katika ardhi ya babu zake! Huyo akisema "naenda Kenya", hajatia chumvi.

Msemo huu hausemwi na wenyeji peke yao. Walimu na watumishi waliotoka kaunti nyingine nao huzungumzia "kurudi Kenya" likizo zinapokaribia. Hofu yao tunaielewa: 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na walimu kadhaa wameuawa katika mashambulizi mengine. Hata hivyo, mwalimu atamkapo maneno hayo, mwanafunzi husikia kwamba darasa alimoketi halimo katika nchi inayosifiwa kwenye wimbo wa taifa anaoimba.

Februari 2025, Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba usaili wa ziada kwa waombao vitambulisho mipakani umekomeshwa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, mradi maafisa wa ngazi za chini waitekeleze.

Nawasihi walimu wenzangu tusimkaripie mwanafunzi kwa kusema "naenda Kenya". Tumweleze historia iliyouzaa msemo huo, kisha sisi tuwe wa kwanza kuuacha. Yeye atauacha kwa hiari yake atakapopata kitambulisho bila kuulizwa asili ya babu yake, na mwalimu asiyehesabu siku za kuondoka.